Msimu Ulioanza Mara Mbili: Ligi ya Japani ya Mwaka 2011

(Hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi wa vilabu, makocha wa vijana na wapenzi wa soka. Inachapishwa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa viongozi wa vilabu, walimu wangu makocha wa vijana, wazee wetu na ndugu zangu wapenzi wa kandanda, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa heshima mliyonipa.

Mliniomba nizungumze juu ya jambo linaloifanya klabu idumu. Ningeweza kuwachukua hadi Uingereza au Hispania, ambako kila mmoja wetu ana timu yake na ubishi wake, lakini nimeamua kuwapeleka Japani, katika msimu mmoja tu, msimu wa 2011 wa J.League, ligi kuu ya soka ya nchi hiyo. Wengi wenu mnalijua jina la Kashiwa Reysol kwa sababu ya Michael Olunga, kijana wa Kenya aliyeifungia klabu hiyo mabao 28 katika msimu wa 2020, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Leo naomba mlijue jina hilo kwa habari iliyotangulia miaka tisa kabla ya hapo, na pembeni yake mliweke jina jingine, Vegalta Sendai, ambalo pengine hamjalisikia sana.

Nimekuja na neno moja. Klabu iliyofungamana na mji wake hupata nguvu ya kusimama siku ambayo kila kitu kingine kimeanguka, na ufungamano huo hauwezi kujengwa siku hiyo ya maafa. Hujengwa mapema, wakati hakuna anayeona haja yake.

Msimu ule ulifunguliwa tarehe 5 Machi 2011. Timu zilikuwa 18, kila moja ikiwa na michezo 34 mbele yake, na mabingwa watetezi walikuwa Nagoya Grampus chini ya Dragan Stojković. Mzunguko wa kwanza ukachezwa kama kawaida. Ijumaa ya tarehe 11 Machi, saa nane na dakika 46 mchana, siku moja kabla ya mzunguko wa pili kuanza, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 9.0 lilipiga chini ya bahari, mashariki ya Tohoku, eneo la kaskazini-mashariki mwa Japani ulipo mji wa Sendai. Likafuata tsunami. Watu zaidi ya 15,000 walipoteza maisha, na wengine zaidi ya 2,500 hawajapatikana hadi leo. Uwanja wa ndege wa Sendai ulifunikwa na maji, na kinu cha nyuklia cha Fukushima kikaharibika.

Ligi ilisimama. Hilo halikuhitaji mjadala. Mjadala mzito ulikuwa juu ya kurudi: lini, wapi, na kwa haki gani? Je, inafaa watu waimbe na kurukaruka majukwaani wakati wenzao wamelala kwenye sakafu za shule? Je, mabasi ya timu yanywe petroli wakati magari ya misaada yanapanga foleni? Umeme ulikuwa wa mgao, ardhi ilikuwa bado inatikisika kila siku, na viwanja kadhaa, ukiwemo ule wa Kashima na ule wa Sendai, vilikuwa vimepata madhara. Viongozi wa ligi, chini ya mwenyekiti wao Kazumi Ohigashi, walipanga kurudi tarehe 23 Aprili. Mizunguko mitano iliyokosekana ikasogezwa, na sehemu kubwa yake ikaangukia mwezi Julai, katikati ya joto kali, na mechi za mwanzo zikapangwa mchana ili taa za uwanjani zisiwashwe.

Ratiba hiyo ilikuwa na gharama, na napenda mwangalie ni nani aliyeilipa. Timu ya taifa ya Japani ilikuwa imealikwa kucheza Copa América nchini Argentina mwezi huohuo wa Julai. Vilabu visingeweza kuwaachia wachezaji wao wakati ligi inacheza mechi za kufidia, na hatimaye chama cha soka cha Japani kikajitoa kwenye mashindano. Tafakarini hilo, ndugu zangu. Taifa lilikubali kukosa jukwaa kubwa kama lile ili mechi za mijini zichezwe. Mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi, na ninajua wapo wenye maoni tofauti.

Kabla ya ligi kurudi, kulikuwa na mechi moja ya hisani ambayo siwezi kuipita. Tarehe 29 Machi, katika uwanja wa Nagai mjini Osaka, timu ya taifa iliyofundishwa na Alberto Zaccheroni ilicheza na kikosi cha nyota wa ligi. Timu ya taifa ikatangulia kwa mabao mawili. Kipindi cha pili akaingia Kazuyoshi Miura, ambaye Wajapani wote humwita Kazu, mwenye umri wa miaka 44, akichezea daraja la pili wakati ule. Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira mrefu ukapigwa mbele, ukaguswa kwa kichwa, Kazu akauwahi na kuutumbukiza wavuni. Kisha akakimbilia pembeni na kucheza ile ngoma yake ambayo watoto wa Japani waliiga tangu ligi ilipoanzishwa. Mechi iliisha 2 kwa 1, na nadhani hakuna aliyekumbuka matokeo kwa muda mrefu. Watu walikumbuka kwamba mtu waliyemfahamu tangu utotoni mwao alikuwa bado yupo. Mchezaji anapokaa na watu wake miaka mingi, hufika siku ambayo kumwona tu kunatosha.

Sasa tuulizane. Kwa nini klabu za Japani zilikuwa na watu wa kuzingojea namna ile? Jibu limo katika namna ligi ilivyozaliwa mwaka 1993. Kabla ya hapo, soka la Japani lilikuwa soka la makampuni: timu ya kiwanda cha magari, timu ya kiwanda cha vyuma, timu ya kampuni ya umeme, na majukwaa yaliyokuwa matupu. Mwenyekiti wa kwanza wa ligi, Saburo Kawabuchi, alisimamia sharti lililowaudhi wenye fedha: klabu itajulikana kwa jina la mji wake, na jina la kampuni litaondoka. Mazda ikawa Sanfrecce Hiroshima. Matsushita ikawa Gamba Osaka. Timu ya Sumitomo, iliyokuwa daraja la chini, ikawa Kashima Antlers, katika mji mdogo wa viwanda ambao haukuwahi kufikiriwa na mtu yeyote kuwa ni mji wa mpira; wakajenga uwanja, wakamleta Zico kutoka Brazili, na katika mechi yao ya kwanza ya ligi wakaifunga Nagoya mabao 5 kwa 0, Zico akifunga matatu. Makampuni yaliendelea kutoa fedha, na mpaka leo yanatoa. Lakini shabiki wa Kashima anaimba jina la mji wake.

Vegalta Sendai nayo ilianza mwaka 1988 kama timu ya kampuni ya umeme ya Tohoku. Jina lake la sasa limetokana na nyota mbili, Vega na Altair, zinazosherehekewa katika tamasha kubwa la Tanabata ambalo Sendai inajulikana kwalo kote Japani. Ilipanda daraja la kwanza mwaka 2002, ikashuka baada ya misimu miwili, ikahangaika chini kwa miaka sita, na iliporudi mwaka 2010 ilimaliza nafasi ya 14. Haikuwa timu ya kutisha mtu. Kocha wake, Makoto Teguramori, ni mzaliwa wa mkoa wa Aomori, mtoto wa Tohoku hasa. Kiungo wake mkuu, Liang Yong-gi, alizaliwa Osaka katika jamii ya Wakorea, akaja Sendai mwaka 2004 na kukataa kuondoka hata timu ilipokuwa daraja la pili.

Baada ya tetemeko, mshambuliaji Mbrazili waliyemsajili kwa matumaini makubwa, Marquinhos, aliomba kuondoka kwa sababu ya mshtuko alioupata, na klabu ikamruhusu. Hakuna wa kumlaumu. Kila moyo una uwezo wake. Waliobaki walirudi mazoezini mwishoni mwa Machi, na kabla na baada ya hapo waliingia mitaani na kwenye vituo vya waliokosa makazi, wakizoa tope, wakibeba mizigo na kucheza na watoto. Teguramori akawaambia kwamba wao wawe nuru ya matumaini kwa watu wa maeneo yaliyoathirika. Ni maneno ambayo kocha yeyote angeweza kuyasema. Uzito wake ulitokana na kwamba wachezaji walikuwa wameona kwa macho yao walikuwa wanazungumziwa watu gani.

Tarehe 23 Aprili wakasafiri hadi Kawasaki, uwanja wa Todoroki, kucheza na Kawasaki Frontale. Mvua ilikuwa inanyesha. Jukwaa la wageni lilijaa rangi ya njano, na ndani yake walikuwemo watu waliopoteza nyumba na watu waliopoteza jamaa. Frontale wakafunga kwanza kabla ya mapumziko. Ikafika dakika ya 73, Yoshiaki Ota akapata mpira, misuli ya mguu ikimkaza, akapiga hivyohivyo na kuanguka. Mpira ukaingia. Wenzake walimfuata chini kwenye majani yaliyolowa, yeye akishika mguu huku akishangilia. Dakika ya 87 ikapatikana faulo, Liang akaupiga mpira ndani ya boksi, na beki Jiro Kamata akaruka na kuupiga kichwa wavuni. Sendai 2, Kawasaki 1. Kocha Teguramori alilia mbele ya kamera na wala hakujaribu kuyaficha machozi.

Naomba nikae kidogo na wenyeji waliofungwa siku hiyo, kwa sababu habari yao husahaulika. Huko Rikuzentakata, mji wa mkoa wa Iwate ulioangamizwa na tsunami, shule zilikuwa zimepoteza vitabu. Kawasaki Frontale walikuwa na kitabu chao cha mazoezi ya hesabu kwa shule za msingi za mji wao, chenye picha za wachezaji na maswali yanayohusu mpira. Wakakipeleka Rikuzentakata. Baadaye wachezaji wenyewe wakaenda, mwaka baada ya mwaka, na uhusiano wa klabu na mji ule umeendelea muda mrefu baada ya magazeti kuhamia kwenye habari nyingine. Angalieni jambo lenyewe lilivyo: klabu ya soka kuwa na kitabu cha hesabu. Nani kati yetu hapa ana kitabu cha hesabu? Frontale hawakukitunga kwa ajili ya maafa. Walikuwa nacho kwa sababu walizoea kuingia madarasani mjini kwao, na siku ya shida ilipofika hawakuhitaji kuunda kamati ya kufikiria watoe nini.

Siku sita baadaye, tarehe 29 Aprili, Sendai wakacheza nyumbani kwa mara ya kwanza tangu tetemeko, katika uwanja wao wa Yurtec uliokuwa umefanyiwa matengenezo. Siku hiyohiyo njia nzima ya treni ya mwendo kasi ya Tohoku ilifunguliwa tena, na mashabiki wa Urawa Reds, wapinzani wao siku hiyo, wakaweza kufika kwa wingi. Ota akafunga bao la pekee. Tangu hapo Sendai walikaa wiki nyingi bila kupoteza mchezo wa ligi. Msimu ulipoisha walikuwa nafasi ya nne kwa alama 56, na hakuna timu iliyofungwa mabao machache kuliko wao: 25 tu katika michezo 34. Watu wanapenda kusema kwamba Sendai walicheza kwa hisia. Hapana, ndugu zangu. Hisia hukupa dakika ya 73 na dakika ya 87 ya mechi moja. Kufungwa mabao 25 katika miezi tisa ni nidhamu, ni mazoezi, ni mabeki wanaojua nafasi zao wakiwa wamechoka katika joto la Julai. Makocha wa vijana mnanielewa.

Sasa nije Kashiwa, na hapa nawaomba viongozi wa vilabu mnisikilize kwa makini zaidi. Kashiwa ni mji wa mkoa wa Chiba, si mbali na Tokyo, na timu yake ilianza mwaka 1940 kama timu ya kampuni ya Hitachi. Uwanja wao ni mdogo, hubeba watu wapatao 15,000, na jukwaa liko karibu na mstari kiasi kwamba anayerusha mpira anasikia kila anachoambiwa. Katikati ya msimu wa 2009 timu ilikuwa taabani, wakamleta Mbrazili Nelsinho Baptista. Hakuweza kuiokoa. Ilimaliza nafasi ya 16 na kushuka daraja. Niambieni kwa haki: kocha aliyekabidhiwa timu na timu ikashuka mikononi mwake, kwa kawaida hufanywa nini?

Kashiwa walimbakiza. Mwaka 2010 wakatwaa ubingwa wa daraja la pili wakipoteza michezo miwili tu kati ya 36. Mwaka 2011 wakarudi juu wakiwa na kocha yuleyule na uti wa mgongo uleule wa timu, wakamwongeza Jorge Wagner, wakamwamini beki wa kulia mwenye umri wa miaka 21 aliyekulia katika shule yao ya soka, Hiroki Sakai, na mchezo wao ukaendeshwa na Leandro Domingues. Timu ile haikupenda sare. Katika michezo 34 ilishinda 23, ikafungwa 8, na ikatoka sare mara 3 tu.

Na msidhani Kashiwa walikuwa mbali na maafa. Mji huo uko takriban kilomita 200 kutoka kwenye kinu cha Fukushima, lakini upepo na mvua vilipeleka mionzi hadi huko, na sehemu za mji zikapimwa na kukutwa na kiwango kilichozidi maeneo ya jirani. Wazazi waliogopa watoto wao kuchezea mchanga. Jina la Kashiwa likawa linatajwa kwenye habari za hofu. Katika mwaka kama huo, wenyeji walikuwa na sababu moja ya jina la mji wao kutajwa kwa furaha.

Tarehe 3 Desemba, siku ya mwisho ya ligi, timu tatu zilikuwa bado na nafasi ya ubingwa. Kashiwa walikuwa na alama 69, Nagoya 68, Gamba Osaka 67. Kashiwa walikuwa ugenini Saitama, kwa Urawa Reds, mbele ya watu zaidi ya 54,000. Nagoya wakashinda mechi yao. Gamba wakashinda yao. Hakuna aliyewapa Kashiwa msaada wowote, na hawakuuhitaji: walishinda 3 kwa 1. Alama 72, 71 na 70, ndivyo msimamo ulivyofungwa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi ile, timu iliyotoka kupanda daraja ilikuwa bingwa. Leandro Domingues akatangazwa mchezaji bora, na Nelsinho, yule aliyeshuka na timu miaka miwili nyuma, akawa kocha bora. Siku chache baadaye, wakiwa wawakilishi wa nchi mwenyeji, wakaingia Kombe la Dunia la Vilabu, wakawatoa Auckland City, wakawatoa Monterrey kwa mikwaju ya penalti, na wakafungwa 3 kwa 1 na Santos ya kijana Neymar katika nusu fainali, bao lao likifungwa na Sakai.

Sitaki niwadanganye kwamba kila kitu kiliponywa na mpira. Jambo la mwisho nitakalolitaja linaonyesha hivyo. Mkoani Fukushima, kilomita 20 kutoka kwenye kinu, kilikuwepo kituo cha taifa cha mafunzo ya soka kiitwacho J-Village, kilichofunguliwa mwaka 1997. Baada ya ajali, viwanja vyake vya majani viligeuzwa maegesho ya magari na mahali pa kutua helikopta, na kituo kizima kikawa kambi ya wafanyakazi waliopambana na kinu. Timu ya wanawake ya kampuni iliyomiliki kinu hicho, Mareeze, ilikuwa na makao yake hapo, na haikucheza tena. Aya Sameshima, aliyewahi kuichezea huku akifanya kazi katika kampuni hiyo, alikuwa katika kikosi cha Japani kilichoifunga Marekani kwa penalti tarehe 17 Julai mwaka uleule na kutwaa Kombe la Dunia la wanawake.

Wachezaji wa Mareeze walibaki bila timu. Ni nani aliyewachukua? Vegalta Sendai, mwaka 2012, ikaanzisha timu yake ya wanawake kwa kuwapokea. Klabu ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa inatafuta mahali pa kufanyia mazoezi ikafungua mlango kwa wengine, na mwaka huohuo wanaume wake wakamaliza nafasi ya pili nyuma ya Sanfrecce Hiroshima, wakapata tiketi ya Ligi ya Mabingwa ya Asia ya 2013. J-Village ilifunguliwa tena kikamilifu mwezi Aprili 2019, miaka minane baada ya ajali, udongo ukiwa umesafishwa na majani yakiwa yamepandwa upya.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimemaliza niliyokuja nayo. Niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na viongozi wa vilabu, kuhusu lile la Kashiwa na kocha wao. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.